Soma Kilichoandikwa

Jumatatu, tarehe 4

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, kama nilivyowaambia hawa watu tangu juzi. Goti langu la kushoto halijawahi kudanganya. Humu kiwandani lina akili kuliko vichwa vyote.

Daftari hili nimelishona mwenyewe kwa mabaki ya karatasi za wateja. Kingo zake zimenyooka kuliko tabia ya mtu yeyote ninayefanya naye kazi. Naandika ili siku nikiondoka ijulikane nani alikuwa anaijua kazi na nani alikuwa anakuja kunywa chai.

Kiwanda chetu kinachapa vitabu. Kuna mtambo mmoja wa kuchapia, na anayeuendesha tunamwita Wino, vidole vyeusi, kichwa chepesi. Kuna mashine ya kukatia karatasi, ambayo ni yangu, mwaka wa ishirini na sita huu. Kuna Bi Mkubwa, mjane wa mwanzilishi, amekaa ofisini nyuma ya kioo anatuchungulia kama samaki wa kufugwa. Na tangu mwezi uliopita yupo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, msoma prufu wa majaribio. Miezi mitatu. Akifaulu anaajiriwa, akishindwa, ni kazi ya tatu hiyo kumtoka mkononi, na mama yake miguu haimruhusu tena kusimama kutwa nzima akiuza vitambaa.

Nani alimwombea nafasi? Mimi. Nilimwambia Bi Mkubwa, "Huyu ni damu yangu." Akasema atamchukua hivyo hivyo.

Jumanne, tarehe 5

Amekuja mteja mpya. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, tai shingoni, suruali kaikunja hadi magotini, viatu kavibeba kwenye mfuko kama mayai. Nimempa jina papo hapo: Kalamu Nyekundu.

Ameleta muswada wa kuandikwa kwa mkono, eti kompyuta inamharibia fikra. Misemo mia tatu ya Kiingereza na maana zake kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanafunzi. Msemo kauandika kwa kalamu nyekundu ya kawaida. Maana kaiandika kwa buluu, kwa ile kalamu ya kizamani ya kujaza wino. Anataka vitabu elfu moja na mia tano viwe tayari shule zikifunguliwa, mvua ikiisha.

Nimechungulia karatasi ya kwanza nikasikitika. Eti mvua ikinyesha sana, Waingereza wanasema inanyesha paka na mbwa. Nimetoka nje kuangalia. Maji matupu, hata mkia sikuuona. Eti mtu akifa wanasema amepiga ndoo teke. Marehemu ana nguvu za mateke? Na ndoo ya nani? Watu waliotawala nusu ya dunia, kumbe walikuwa wanaongea hivi!

Nikamwambia, "Mwalimu, haya mimi nayafahamu. Nilikaa melini na Waingereza."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Vizuri, fundi. Wewe kata tu."

Wewe kata tu! Mimi niliyewahi kukata rimu tano kwa pigo moja, nzi aliyekuwa amekaa juu akagawanyika sawasawa, bawa huku, bawa huku, kila nusu ikajaribu kuruka!

Jumatano, tarehe 6

Mvua. Wino kachelewa. Kasingizia mvua.

Ijumaa, tarehe 8

Lazima nieleze utaratibu wetu wa prufu, maana leo umenigusa.

Prufu ni karatasi ya majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Marehemu mwenye kiwanda aliweka sheria: prufu haisomwi na mtu mmoja. Wanakaa wawili. Mmoja anashika muswada anausoma kwa sauti. Mwingine anashika prufu na kalamu, anafuatilia. Na anayesoma anasoma kila kitu, hata alama. "Mtu mvivu mkato anayependa usingizi nukta." Ukiwasikia kwa mbali utadhani wamepagawa. Ukurasa ukiisha, wote wawili wanatia sahihi chini, ila mwenye kalamu ndiye mwenye kubeba lawama.

Msoma muswada wetu amekwenda kujifungua. Bi Mkubwa akatoka nyuma ya kioo chake, akauliza, "Nani atashika muswada wa Mwalimu?"

Wino, kwa kejeli, akasema, "Si Kapteni yupo? Aliyekula sahani moja na Waingereza?"

Kapteni ni mimi, jina la utani walilonipa. Wote wakacheka. Wakadhani nitarudi nyuma. Nikasema, "Nipeni kiti."

Bi Mkubwa hakucheka. Alisimama mbele yangu akasema, "Sikiliza, Kapteni. Mle chumbani mwa prufu hatusomi tunachokijua. Tunasoma kilichoandikwa. Na muswada hautoki mlango ule."

"Bi Mkubwa, mimi mtoto wa juzi?"

Jumatatu, tarehe 11

Siku ya kwanza ya kusoma. Mwandiko wa Kalamu Nyekundu umelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nimekwama mara chache. Tuseme mara nyingi. Mpwa wangu ana subira, kila nikikwama ananong'ona, "Pole pole, Mjomba, hapo ni 'kuahirisha'." Lakini mlango uko wazi, na Wino alikuwa anapita na kopo la wino, akapita tena, akapita mara ya tatu. Mara ya tatu akauliza, "Kapteni, meli imekwama matope?"

Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu mwalimu mkuu aliniogopa. Nilimuuliza swali hakuweza kulijibu, na hadi leo hajalijibu.

Alhamisi, tarehe 14

Kurasa arobaini. Sauti imenikauka. Nukta, mkato, nukta, mkato. Kazi ya kasuku.

Jumatano, tarehe 20

Mvua imezoa daraja. Kalamu Nyekundu yuko ng'ambo ya mto kwa binti yake na hawezi kuvuka. Kapiga simu: "Msinisubiri. Wasomaji wenu nawaamini."

Mpwa wangu alifurahi kama kapewa cheti. Nikamwambia asivimbe kichwa, anayeaminiwa ni mimi.

Ijumaa, tarehe 22

Imebaki bahasha moja ya mwisho ya muswada, msemo wa 271 hadi wa 300, bado haijaingizwa kwenye kompyuta. Nimeichukua kwenda nayo nyumbani.

Naandika sababu, kwa kuwa si wizi. Nataka Jumatatu nisome kama maji yatiririkavyo, Wino apite na kopo lake mara tatu asikie nukta na mkato zinaanguka mahali pake, aone haya. Hayo tu. Bi Mkubwa alisema muswada hautoki mlangoni. Mimi nimetokea mlango wa nyuma, wa kuingizia karatasi.

Jumamosi, tarehe 23

Mvua ilinishika jana njiani, kati ya duka la vyuma na kituo cha mafuta. Si mvua ya kawaida. Ilinyesha kutoka chini kwenda juu. Niliona kwa macho yangu. Begi langu ni la ngozi halisi, nilizawadiwa na kapteni wa meli, lakini zipu yake ilikufa zamani.

Karatasi nne zimepona. Mbili zimelowa chapachapa. Nimezianika juu ya jiko, nikakaa nazitazama. Nyekundu iko pale pale, kila msemo unasomeka. Ile buluu imetoka yote. Karatasi imekuwa kama anga. Misemo kumi na minne haina maana hata moja.

Angetumia kalamu ya kawaida kote kama watu wengine, tungefika hapa? Watu wa majivuno ndio wanaowaponza wenzao.

Jumapili, tarehe 24

Nimefikiri kutwa.

Nikimpigia simu Kalamu Nyekundu, namsikia tayari: "Fundi, si nilikwambia wewe kata tu?" Nikimwambia Bi Mkubwa, nimevunja sheria ya marehemu. Nikimwambia mpwa wangu, atamwambia mama yake, na dada yangu akishika jambo halitoki kinywani mwake hadi mvua ya mwaka ujao.

Halafu nikajiuliza: mimi si ndiye niliyekaa na Waingereza? Maana ya msemo ni nini kama si kuufikiria kwa makini? Nimechukua karatasi safi, nikaandika upya zote mbili, kwa mwandiko wangu mzuri. Kamusi ya mpwa wangu imenisaidia neno moja moja; akili imefanya mengine.

Kukaa juu ya ua: kuchungulia mambo ya jirani.
Kuuma risasi: kuwa na meno imara.
Kipande cha keki: mgao mdogo usiotosheleza.
Tembo ndani ya chumba: mgeni mnene asiyetaka kuondoka.
Kula maneno yako: kuongea huku unatafuna, utovu wa adabu.

Na nyingine tisa. Nilipomaliza nilisoma zote kwa sauti. Kwa kweli ni bora kuliko zake. Zina mantiki. Karatasi zilizoharibika nimezilaza chini ya godoro.

Jumatatu, tarehe 25

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Bahasha hii hapa."

Akafungua, akaanza kuchapa kwenye kompyuta, akasimama. "Mjomba, karatasi hizi mbili si mwandiko wa Mwalimu."

"Zake zilikuwa na makorokocho, akaniagiza nizinakili."

"Lini? Si yuko ng'ambo?"

"Kabla ya daraja kwenda na maji. Unanihoji?"

"Hapana, Mjomba." Akachapa kidogo, akasimama tena. "Hii ya tembo, una hakika? Mgeni mnene?"

"Nimewahi kuisikia kwa masikio yangu melini, siku mama mkwe wa kapteni alipopanda. Wewe ulikuwa wapi?"

Akacheka. Mtoto huyu akicheka anafanana na mama yake kabla ya taabu. "Sawa. Tunasoma kilichoandikwa."

Mchana tukasoma. Nilisoma kama maji. Wino alipita mara tatu, hakusema neno. Tukatia sahihi, yake ndogo ya duara, yangu yenye mkia mrefu. Alipokwenda kunawa mikono, nilizichukua zile karatasi mbili za mwandiko wangu, nikaziweka chini ya kisu pamoja na mabaki mengine. Vipande vyembamba kama tambi. Mkato safi.

Jumamosi, tarehe 30

Mtambo umenguruma wiki nzima. Wino kaharibu rimu moja. Nilijua.

Ijumaa, tarehe 5

Mwezi mpya, mvua ile ile. Nimekata vitabu vyote elfu moja na mia tano. Vilivyopangwa mezani vinaonekana kama ukuta uliojengwa na fundi mwenye wivu.

Jumatatu, tarehe 8

Mpwa wangu kaambiwa na Bi Mkubwa kwamba barua ya ajira iko mezani, inangoja Mwalimu akubali kitabu tu. Jioni dada yangu alinipa kipande kikubwa cha nyama kuliko cha wote. "Kaka," akasema, "hili umelifanya wewe." Nikakubali. Nikala.

Ijumaa, tarehe 12

Maji yamepungua. Kalamu Nyekundu amevuka. Naandika yote, hata yale ambayo sipendi.

Aliingia saa tatu na nusu, viatu mkononi. Bi Mkubwa akampa nakala ya kwanza kwa mikono miwili. Akalinusa jalada kama watu wa vitabu wafanyavyo, akafungua katikati, akatikisa kichwa kwa furaha. Nikasema moyoni, funga sasa, mzee, funga uende. Akafungua mwisho.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisoma kwa sauti ya darasani, taratibu:

"Kukaa juu ya ua. Kuchungulia mambo ya jirani."

Wino alipasuka kicheko hadi akashika mtambo.

"Kuuma risasi. Kuwa na meno imara." Akavua miwani. "Bi Mkubwa, hii nani kaandika?"

Bi Mkubwa alikwenda kabatini mwenyewe. Prufu zipo, sahihi mbili chini. Muswada upo, lakini una karatasi mbili pungufu. Akamwita mpwa wangu, akamweka katikati ya chumba, sote tumesimama.

"Karatasi mbili ziko wapi?"

"Sijui, Bi Mkubwa."

"Maana hizi ulizitoa wapi?"

Mpwa wangu aligeuka akanitazama. Hakunikazia macho kwa ukali. Alinitazama kama anapofuatilia prufu, kidole chini ya mstari, anangoja nisome neno linalofuata.

Sikusoma.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Sahihi ni yangu."

"Kwa hiyo ulipoteza karatasi za watu ukajitungia?"

Akafunika kalamu yake kwa kofia.

"Kesho kabidhi kamusi na ufunguo wa kabati," akasema Bi Mkubwa, na ile barua iliyokuwa mezani akaikunja mara mbili, mara nne.

Kalamu Nyekundu alikaa kwenye kiti changu, kile cha kusomea, akaanza kuandika maana kumi na nne upya kwa kumbukumbu. Nilipita nyuma yake kwenda kwenye mashine. Nikasoma bila kutaka. Tembo ndani ya chumba: jambo kubwa linaloonekana na kila mtu, na hakuna anayethubutu kulitaja.

Nimekata karatasi hadi saa kumi na moja. Zote zimekwenda upande.

Ijumaa hiyo hiyo, baada ya kula

Mezani mpwa wangu hakumwambia mama yake sababu. Kasema tu kazi imekwisha. Dada yangu akanigeukia. "Wewe si una neno kwa Bi Mkubwa? Si unasema bila wewe kiwanda kinafungwa? Nenda kamsemee mwanao."

Nikasema nitaona.

"Utaona," akasema. "Miaka yote unaona."

Mtoto akasema, "Mama, mwache Mjomba ale."

Hapo nikasukuma sahani. Maisha yangu yote nimedharau watu, na nina sababu: Wino mvivu, Kalamu Nyekundu ana maringo, Bi Mkubwa ana jicho la polisi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesimama leo mita mbili kutoka kwa mtoto wa dada yake akajifanya ameziba masikio. Nimetafuta katika daftari hili lote mtu duni kuliko huyo. Sijampata.

Jumamosi, tarehe 13

Nimetoa zile karatasi chini ya godoro, nikaziweka kwenye mfuko wa plastiki kama viatu vya mwalimu. Nimefika kabla ya wote.

Walipokusanyika, Kalamu Nyekundu naye yupo, nikaziweka mezani kwa Bi Mkubwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliyosema ni haya: "Nilizipeleka nyumbani. Zilinyeshewa. Maana nimetunga mimi. Mtoto nilimdanganya kuwa Mwalimu kaniagiza, na nakala yangu nikaikata kwa kisu."

Wino hakucheka. Nilimngojea acheke.

Bi Mkubwa akauliza, "Melini ulikuwa unafanya nini, Kapteni?"

Sikutegemea hilo. "Meli ilikuwa imefungwa gatini. Nilipaka rangi ubavu. Miezi minne." Nikaona niongeze, "Ubavu mmoja."

Kalamu Nyekundu alizishika karatasi, akazielekeza dirishani, buluu tupu. Nikajikaza nikingoja ile "wewe kata tu." Hakusema hivyo. Alisema kwa mshangao wa kweli, "Fundi, mbona hukuniambia? Hii ningekuandikia upya kwa nusu saa."

Nusu saa.

Ningevumilia fimbo.

Jumatatu, tarehe 15

Hukumu. Mpwa wangu anabaki, ila majaribio yameongezwa mwezi mmoja, kwa kutia sahihi ukurasa aliokuwa na shaka nao. Wino anakaa kwenye kisu changu, Mungu avinusuru vidole vyake. Vitabu havichomwi: itachapwa karatasi ya masahihisho, na mimi nitaibandika kwa gundi ndani ya kila nakala, moja moja, elfu moja na mia tano.

Lakini sheria ya marehemu ni sheria. Hata karatasi ya masahihisho inasomwa na wawili. Bi Mkubwa akamwambia mpwa wangu achague mtu wa kushika muswada. Wino akaanza kufuta mikono.

"Mjomba," akasema mtoto.

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Mwandiko wa Mwalimu ameshauzoea."

Hatukuwa tumeongea tangu Ijumaa. Nikakaa. Akachomoa kofia ya kalamu yake, hakuniangalia.

"Kilichoandikwa tu, Mjomba."

"Kilichoandikwa tu."

Nikasoma. Kukaa juu ya ua nukta mbili kushindwa kuchagua upande nukta. Kuuma risasi nukta mbili kuvumilia maumivu yasiyoepukika nukta. Mwandiko ni ule ule uliolala, lakini nilikwenda pole pole, na nilipokwama nilisema, "Hapa sijui." Akanisaidia. Mlango ulikuwa wazi na Wino alipita. Na apite.

Nikafika kwenye msemo wa mwisho. Nikakohoa. Nikafuta macho, chumba kile kina vumbi la karatasi.

"Soma, Mjomba."

"Kula maneno yako, nukta mbili, kukiri mbele za watu, mkato, kwamba ulichokisema hakikuwa kweli."

Akangoja, kalamu hewani. Nje mvua ilikuwa imekatika. Sijui tangu saa ngapi, goti halikuniambia.

"Halafu?" akauliza, na safari hii aliniangalia.

"Nukta," nikasema.